Nani Ameshika Mfuko? Safari ya Vuguvugu la Tea Party la Marekani

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, mwisho wa semina ya siku mbili. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa. Mwishoni kuna maswali ambayo vikundi vinaweza kuyajadili nyumbani.

Najua mmekaa tangu asubuhi, na wengine wenu mna safari ndefu ya kurudi nyumbani. Sitawachelewesha. Lakini naomba mnipe masikio kidogo, kwa sababu jana jioni mama mmoja hapa aliniuliza swali lililoninyima usingizi. Aliuliza hivi: "Mwalimu, sisi watu wadogo tunaweza kweli kuwafanya wakubwa watusikie? Na wakishatusikia, tutajuaje kwamba bado ni sisi tunaoongea?"

Swali la kwanza ni rahisi. Hilo la pili ndilo gumu. Nimeamua kulijibu kwa kuwasimulia habari za watu wa mbali, watu wa Marekani, ambao kati ya mwaka 2009 na 2016 walitikisa siasa za nchi yao mpaka zikabadilika sura. Vuguvugu lao liliitwa Tea Party, yaani Karamu ya Chai.

Mtaniuliza, kwa nini hao? Wengine wenu mtasema watu hao hawafanani na sisi. Walikuwa wahafidhina. Mhafidhina ni mtu anayetaka kuhifadhi yale aliyorithi, na ambaye huogopa serikali inayokua kila mwaka na kuingiza mkono katika kila jambo. Walitaka kodi ndogo, serikali ndogo, matumizi yasiyozidi mapato, na katiba ifuatwe kama ilivyoandikwa. Unaweza kukubaliana nao au kukataa. Mimi sikuja kuwapigia kampeni wala kuwalaani. Nimewachagua kwa sababu walianza kama sisi, katika sebule za watu, katika kumbi za makanisa na maktaba, na kila mtu akaja na kiti chake. Mwenye busara hujifunza hata kwa jirani asiyesalimiana naye.

JINA LILITOKA WAPI

Tuanze na jina. Tarehe 16 Desemba 1773, katika bandari ya Boston, wakati Marekani ilikuwa bado koloni la Uingereza, watu walipanda meli usiku wakatupa baharini masanduku 342 ya chai. Chai ile ilikuwa ya Kampuni ya Uhindi ya Mashariki. Ajabu ni kwamba chai yenyewe ilikuwa imeshushwa bei. Kilichowaudhi ni kwamba bunge la London, ambalo wao hawakuwa na mjumbe hata mmoja ndani yake, lilibakiza kodi juu yake, na likaipa kampuni moja nafasi ya kuwapita wafanyabiashara wengine wote. Chini ya miaka miwili baadaye vita vya uhuru vikaanza. Kwa hiyo Mmarekani akisikia Karamu ya Chai, haji kufikiria vikombe na mandazi. Anafikiria wananchi waliokataa kutozwa kodi bila kuulizwa.

Sasa turuke hadi mwaka 2008. Wengi wenu mnaukumbuka mwaka huo kwa mambo yetu wenyewe. Huko kwao mabenki makubwa yalikuwa yamekopesha watu fedha za nyumba bila kuangalia kama wataweza kulipa. Septemba ya mwaka huo benki ya Lehman Brothers ikaanguka, na nyingine zikaanza kuyumba. Tarehe 3 Oktoba 2008 Rais George W. Bush alitia sahihi sheria ya kutoa hadi dola bilioni 700 za umma ili kuyaokoa mabenki. Mkumbuke hapo: rais aliyeanza jambo hili alikuwa wa chama cha Republican, chama cha wahafidhina wenyewe.

Mwezi uliofuata Barack Obama akachaguliwa. Sisi hapa tulicheza. Rais Kibaki alitangaza tarehe 6 Novemba 2008 kuwa siku ya mapumziko, na Kogelo hakukulalika. Lakini huko Marekani, katika nyumba nyingi za watu wa makamo, kulikuwa na kimya na wasiwasi. Watu walikuwa wanapoteza kazi. Akiba zao za uzeeni zilikuwa zimeyeyuka. Halafu tarehe 17 Februari 2009 Obama akatia sahihi sheria nyingine ya matumizi, dola bilioni 787, ili kuinua uchumi. Kesho yake akatangaza mpango wa kuwasaidia wenye nyumba walioshindwa na mikopo.

Hapo chungu kikafurika. Mtu aliyekuwa akilipa mkopo wake kila mwezi kwa jasho alijiuliza: benki imekosea, imesaidiwa. Jirani yangu amekopa kupita uwezo wake, anasaidiwa. Mimi niliyelipa kwa wakati, nani ananisaidia? Na hizi fedha zote, atakayezilipa ni nani kama si mjukuu wangu?

Hata kama hukubaliani na hesabu yake, uchungu wake unauelewa. Kila aliyewahi kuwa kwenye chama cha kuweka na kukopa anaujua uchungu wa kulipa huku mwenzako amekimbia na mkopo.

CHECHE NA MOTO

Cheche zilikuwa kadhaa. Tarehe 16 Februari 2009, huko Seattle, mwalimu kijana aitwaye Keli Carender aliitisha mkutano wa kupinga sheria ile ya matumizi. Watu waliokuja hawakuzidi sana mia moja. Siku tatu baadaye mtangazaji wa televisheni ya biashara, Rick Santelli, akiwa Chicago katikati ya wafanyabiashara wa fedha, alipandisha sauti hewani. Alilalamika juu ya mpango wa mikopo ya nyumba, akasema anafikiria kuitisha karamu ya chai ya Chicago. Maneno yale yalisambaa kama moto wa kichaka kikavu. Tarehe 27 Februari watu walikusanyika katika miji arobaini hivi. Tarehe 15 Aprili, ambayo ni siku ya mwisho ya kupeleka hesabu za kodi kule kwao, walikusanyika katika mamia ya miji.

Angalieni hapo. Kutoka watu mia moja hadi mamia ya miji ni miezi miwili tu.

Ni watu wa namna gani? Magazeti ya wakati ule yalipima maoni. Uchunguzi wa gazeti la New York Times na televisheni ya CBS, Aprili 2010, ulionyesha kuwa Wamarekani 18 katika kila 100 walijiita wafuasi. Wengi walikuwa Wazungu, walioolewa au kuoa, wenye umri zaidi ya miaka 45, na kwa wastani walikuwa na mapato na elimu zaidi ya Wamarekani wengine. Hawakuwa mafukara, basi. Walikuwa watu wenye kitu kidogo cha kupoteza, nao waliogopa kukipoteza.

Wasomi wawili wa chuo kikuu cha Harvard, Theda Skocpol na Vanessa Williamson, walikwenda kukaa nao katika mikutano yao na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 2012. Walikuta kuna vikundi vya mitaa karibu 1,000 nchi nzima. Kina mama walikuwa mbele katika kazi ya kuviendesha: kupanga viti, kuweka orodha ya wanachama, kupiga simu, kukusanya mchango wa chai. Kina mama, mnatabasamu. Mnaijua kazi hiyo.

Na walikuwa wanafunzi wazuri. Walitembea na katiba ndogo mfukoni. Walisoma miswada kurasa kwa kurasa. Walijifunza jinsi chama cha Republican kinavyoendeshwa kuanzia chini kabisa, wakagundua kwamba viti vingi vya wajumbe wa mtaa havina mtu. Wakaingia, wakavikalia. Agosti 2009 wabunge waliporudi nyumbani kueleza mpango wa bima ya afya, waliwakuta watu hawa wamejaa ukumbini na maswali yameandikwa. Mikutano mingine iligeuka kuwa ya kupigiana kelele, na hilo sitalisifu. Lakini mbunge aliyezoea kupigiwa makofi alijua siku ile kwamba kuna watu wanaomwangalia.

Matunda yakaanza kuonekana. Januari 2010 Scott Brown, wa Republican, alishinda kiti cha Seneti cha Massachusetts kilichoachwa na marehemu Ted Kennedy, mahali ambapo hakuna aliyetegemea. Novemba 2010 Republican waliongeza viti 63 katika Baraza la Wawakilishi wakalitwaa. Watu wapya kama Rand Paul wa Kentucky, Mike Lee wa Utah na Marco Rubio wa Florida wakaingia Seneti. Mahali pengine vuguvugu lilimchagua mgombea kwa ukali wa maneno yake tu, likashindwa. Delaware na Nevada ni mifano, kwani viti vile vingeweza kuchukuliwa.

Kwa hiyo mama, swali lako la kwanza limejibiwa. Ndiyo. Watu wadogo wanaweza kuwafanya wakubwa wasikie.

MIKONO MIWILI ILIYOJIFICHA

Sasa tufike kwenye swali la pili.

Wasomi wale wawili walisema vuguvugu lile halikuwa kitu kimoja. Lilikuwa vitu vitatu vilivyofungwa kwa kamba moja. Kitu cha kwanza ni vile vikundi vya mitaa. Cha pili ni mashirika ya kitaifa yenye fedha nyingi. Cha tatu ni vyombo vya habari vya wahafidhina, hasa televisheni ya Fox News, ambayo ilitangaza mikutano ile kabla haijafanyika na kuwaita watu waje.

Mashirika yale ya fedha yalikuwepo zamani. Mawili makubwa, FreedomWorks na Americans for Prosperity, yote yalizaliwa na shirika moja lililoanzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa ndugu Charles na David Koch, matajiri wa mafuta na viwanda. Kwa miaka ishirini na mitano walikuwa wakihubiri kodi ndogo na serikali ndogo, na hawakuwa na watu wa kutosha barabarani. Mwaka 2009 wakaona watu wamejitokeza wenyewe. Basi wakaleta mabasi, wasemaji, mafunzo, mabango na orodha za anwani.

Je, hilo ni kosa? Peke yake si kosa. Hata sisi tunapokea wafadhili. Lakini tazameni tofauti hii. Wanachama wengi wa mitaani walikuwa wazee waliokuwa wakipokea pensheni ya serikali na matibabu ya wazee, na waliona hayo ni haki yao kwa sababu waliyalipia maisha yao yote. Hasira yao ilikuwa kwa wale waliowaona kuwa wanapewa bila kufanya kazi. Mashirika makubwa yalikuwa na orodha nyingine: yalitaka kupunguza hata ile pensheni na yale matibabu, na kupunguza kodi za makampuni. Bango moja, sauti moja, na chini yake mahitaji mawili yasiyofanana. Mwenye bango hakuulizwa ni lipi hasa analolitaka. Hakukuwa na kikao cha pamoja cha kuuliza.

Halafu kuna fedha. Februari 2010 mkutano wao wa kitaifa ulifanyika Nashville, na tikiti iliuzwa dola 549. Vikundi vingi vya mitaani vilinung'unika, vikisema mtu wa kawaida hawezi kulipa kiasi hicho. Aprili 2014 gazeti la Washington Post lilichunguza hesabu za kamati za vikundi sita vikubwa vilivyotumia jina hilo. Katika dola milioni 37.5 zilizokwisha kutumika, chini ya milioni 7 ndizo zilizokwenda moja kwa moja kuwasaidia wagombea. Nyingi za zilizobaki zilikwenda kwa washauri, mishahara, na gharama za kutafuta fedha nyingine. Bibi mmoja huko kijijini anatuma dola zake ishirini akidhani anaokoa nchi, kumbe analipia barua ya kumwomba ishirini nyingine.

Na huu ndio ushuhuda mkubwa kwangu. Juni 2014, huko Virginia, mwalimu wa uchumi aitwaye Dave Brat alimshinda Eric Cantor katika kura ya mchujo. Cantor alikuwa kiongozi wa walio wengi katika Baraza la Wawakilishi, mtu wa pili kwa nguvu baada ya Spika. Alitumia zaidi ya dola milioni 5. Brat alikuwa na dola laki 2 hivi. Mashirika makubwa ya kitaifa hayakumpa msaada wa maana. Aliyemshindisha ni vile vikundi vya mtaani, mlango kwa mlango. Nguvu ilikuwa bado iko chini! Fedha ndizo zilizokuwa zimehamia juu.

HASIRA INAPOPATA SURA YA MTU

Kuna jambo lingine ambalo sisi Wakenya hatuwezi kulinyamazia, maana tuliingizwa ndani yake bila kuulizwa.

Hasira juu ya deni na kodi ni hasira juu ya jambo. Inaweza kujadiliwa. Lakini polepole, kwa wengi wao, hasira ile ilipata sura ya mtu mmoja. Uvumi ukaenea kwamba Obama hakuzaliwa Marekani, eti alizaliwa hapa Kenya, na kwa hiyo urais wake ni wa bandia. Ukweli ni kwamba alizaliwa Honolulu, Hawaii, tarehe 4 Agosti 1961, na gazeti la huko lilitangaza kuzaliwa kwake mwezi huo huo. Baba yake ndiye aliyekuwa mtu wetu. Aprili 2011 Ikulu ya Marekani ilitoa cheti chake kamili cha kuzaliwa. Wengine hawakuacha.

Si wafuasi wote walioamini uvumi huo. Wako viongozi waliokataa. Lakini wengi walinyamaza, kwa sababu uvumi unajaza ukumbi kuliko mafunzo ya bajeti. Julai 2010 chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kiliwataka viongozi wa vuguvugu wawakatae waziwazi wenye ubaguzi kati yao. Wengi walikasirika badala ya kufagia nyumba yao. Ukimruhusu mtu mmoja ashike bango la chuki katika mkutano wako, kesho yake ndilo bango litakalotoka gazetini, na kesho kutwa wanachama wapya watakaokuja ni wale waliolipenda.

Ili nitende haki, niseme pia kwamba nao walionewa. Mei 2013 mamlaka ya kodi ya Marekani ilikiri kwamba maofisa wake walivichambua kwa namna ya pekee vikundi vya majina kama Tea Party vilivyoomba kusajiliwa, na vingine vilicheleweshwa muda mrefu. Ilikuwa vibaya. Serikali haipaswi kumwadhibu raia kwa jina la kikundi chake. Lakini uonevu nao uliongeza moto badala ya mwanga.

WALIISHIA WAPI

Mwaka 2011 wabunge wapya walikataa kuongeza kiwango cha deni mpaka serikali ipunguze matumizi. Walipata sheria ya kupunguza, Agosti 2011, na hiyo ilifanya kazi kwa miaka kadhaa. Tuseme ukweli, hayo ni mafanikio kwa yale waliyoyaomba. Oktoba 2013 wakajaribu kuzuia sheria ya bima ya afya kwa kuikatia serikali fedha. Ofisi za serikali zilifungwa siku 16. Zilipofunguliwa, sheria ya bima ilikuwa bado imesimama. Januari 2015 wakaanzisha kikundi chao bungeni, Freedom Caucus, na Septemba ya mwaka huo Spika John Boehner, wa chama chao wenyewe, akatangaza kwamba anajiuzulu.

Halafu akaja Donald Trump, mmoja wa waliovuma zaidi katika kueneza ule uvumi wa cheti cha kuzaliwa. Hakuahidi kupunguza pensheni wala matibabu ya wazee. Aliahidi kutoyagusa, na akazungumzia mipaka, wageni na biashara za nje. Wazee wale wa mitaani walimsikiliza wakaona huyu anasema yaliyo moyoni mwao kuliko mashirika yale ya fedha. Wengi wakamfuata. Wabunge waliochaguliwa kwa jina la Karamu ya Chai wakaingia katika serikali yake. Mick Mulvaney, aliyeingia bungeni katika uchaguzi ule wa 2010, akawa mkuu wa bajeti.

Na deni? Obama alipoapishwa Januari 2009, deni la serikali lilikuwa trilioni 10.6 za dola. Alipoondoka Januari 2017 lilikuwa karibu trilioni 20. Trump alipomaliza kipindi chake cha kwanza Januari 2021 lilikuwa limepita trilioni 27. Novemba 2024 likapita trilioni 36. Februari 2018 Rand Paul alisimama Seneti akalalamika kwamba chama chake kinafanya yale yale kilichomlaumu Obama kwayo. Ofisi zikafungwa kwa saa chache usiku ule, halafu sheria ya matumizi ikapita. Viwanja havikujaa watu. Mei 2024 FreedomWorks ilifunga milango yake.

Ndugu zangu, sisemi vuguvugu lile lilikufa. Watu wake wako, na walibadilisha chama kizima. Lakini lile jambo lililowatoa nyumbani Februari 2009, lile deni atakalolipa mjukuu, liliachwa njiani kama mzigo ulioanguka kutoka juu ya matatu. Abiria wote walifika, mzigo ukabaki.

NA SISI JE

Nikiwa kijana nilikuwa katibu wa kikundi cha maji. Tulichanga shilingi ishirini ishirini kwa miaka miwili. Tulipofikia nusu ya bei ya tangi, mheshimiwa mmoja akaja na nusu nyingine. Tukamshangilia. Mimi ndiye niliyeandika hotuba ya shukrani. Wiki iliyofuata fundi akaja kuchora jina la mheshimiwa kwenye tangi, herufi kubwa. Hatukusema kitu. Baadaye ufunguo wa bomba ukahamia kwa mtu wake. Kina mama waliochanga miaka miwili wakaanza kupanga foleni kumwomba maji. Hakuna aliyetuibia, nawaambia. Tuliachia wenyewe, kidogo kidogo, kwa sababu ya furaha.

Na Juni 2024 tuliwaona vijana wetu barabarani kwa ajili ya Muswada wa Fedha. Hawakuwa wahafidhina, wala hawakuwa na mambo ya Tea Party. Lakini nao walianza chini, bila mwenyekiti. Wengine walipoteza maisha yao. Muswada ukaondolewa. Tangu hapo kila mwanasiasa anataka kuongea kwa jina lao. Swali la mama yetu ni lao pia.

Kwa hiyo nawaachia mambo manne, nanyi mkayapime.

Kwanza, andikeni mnachokitaka kwa maneno ambayo kila mwanachama anaweza kuyasema bila kusoma. Kama wanachama wana mahitaji mawili yanayopingana, gombaneni sasa, ndani, kabla mgeni hajaja kuwachagulia.

Pili, mweka hazina asome hesabu kwa sauti mbele ya wote, kila mkutano. Msaada wa nje uandikwe: nani ametoa, kiasi gani, na anataka nini. Asiyetaka kuandikwa arudi na fedha zake.

Tatu, mpinge jambo, msimchukie mtu wala kabila lake. Mtu ataondoka madarakani na jambo litabaki pale pale, na ninyi mtakuwa hamjui tena mlikuwa mnadai nini.

Nne, mkimsaidia mtu kupata kiti, mfuateni baada ya kura kwa bidii ile ile mliyomfuata kabla. Akifanya kinyume, mwambieni, hata kama ni wenu. Hasa kama ni wenu.

Mama, ulitaka kujua mtajuaje kama bado ni ninyi mnaoongea. Nadhani ni hivi. Siku mtakapotaka kusema jambo, halafu mkajikuta mnatazamana kwanza kuona kama mfadhili atakubali, siku ile si ninyi tena. Siku hiyo rudini kwenye sebule mlikoanzia, kila mtu na kiti chake.

 

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Kikundi chetu kilianzishwa kwa ajili ya jambo gani? Kila mtu aseme kwa sentensi moja. Majibu yanafanana?

2. Katika fedha zetu za mwaka uliopita, ni ngapi zilitoka kwa wanachama na ni ngapi kwa wengine? Uamuzi wa kuzitumia ulifanywa na nani?

3. Nani huongea kwa niaba yetu katika baraza, kwa chifu au kwa mbunge? Tulimchagua lini? Huturudishia habari?

4. Je, kuna mtu au kabila ambalo tumeanza kulilaumu badala ya kulitatua jambo lenyewe? Tufanye nini?